DENI DOGO NA MDAI MGUMU

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yaulizwayo na ndugu walioingia katika Islam karibuni, na hata na wale ambao bado wanaichunguza dini hii, limo swali moja ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Muulizaji husema: Nilikopa fedha kidogo, nami nimekwisha kulipa sehemu kubwa. Lakini mwenye kunidai hataki kunisikiliza. Nikiuliza hesabu hanipi, nikiomba muda hunitukana, na deni lazidi kukua kila siku. Je, dini yasemaje? Nimlipe mtu wa namna hii, au nimwache na dhuluma yake?

Pengine mtu atasema kwamba jambo hili ni la sokoni, wala halihusu msikiti. Fikira hiyo si sahihi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu haikuteremshwa juu ya sala wala juu ya saumu, bali juu ya deni. Ni aya ya 283 ya Sura Al-Baqara. (Hesabu yetu ya aya yaanza na Bismillahi, katika misahafu isiyoihesabu, aya hiyo ni ya 282.) Humo Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mwenye kudaiwa ndiye ataje maneno ya kuandikwa wala asipunguze kitu, na mashahidi wawepo. Tena ameonya tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Basi deni dogo nalo limetajwa katika Kitabu cha Mungu, na asiwepo mtu wa kulidharau.

HALI YA NCHI YETU YA KATI

Wakaao Dodoma na katika uwanda wote wa kati, tangu Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi na Manyoni, wajua vizuri jinsi deni linavyoingia nyumbani. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, tena mvua yenyewe si ya kutegemewa. Mkulima wa uwele, mtama, alizeti au karanga hushika fedha mara moja, baada ya mavuno. Lakini ada na sare za watoto, dawa na chumvi huhitaji fedha mwaka mzima. Hapo katikati ndipo mkopo huingia.

Mjini nako mambo yamebadilika. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa wingi tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu wameongezeka, na biashara ndogo ndogo zimeongezeka pamoja nao: mama lishe, wauza mboga wa soko la Majengo, vijana wa bodaboda, mafundi. Wengi wao hawana dhamana ya kupeleka benki. Kwa sababu hiyo wamekuja wakopeshaji wa kila namna. Wako wenye leseni na utaratibu mwema. Wako pia wale ambao mikopo yao watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", maana marejesho hudaiwa kila siku, na siku moja ikikosekana huongezwa faini. Wengine huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Wengine hukopesha kwa simu, na mkopaji akichelewa huwapelekea jamaa na rafiki zake ujumbe wa kumfedhehesha.

Jambo hili lilifika mbali hata Benki Kuu ya Tanzania, mwezi Novemba 2024, ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Kwa hiyo aulizaye swali tulilolitaja hapo juu hayuko peke yake.

MAJIBU MAWILI YASIYO SAHIHI

Watu wengi wakutanapo na mdai mgumu huchukua mojawapo ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukimbia. Mtu husema: Huyu ni dhalimu, basi simlipi. Hubadili namba ya simu, huhama mtaa, na akigongewa mlango humtuma mtoto aseme kwamba baba hayupo. Hivyo deni la shilingi elfu chache limemfundisha mtoto wake uongo. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akiomba katika sala yake alindwe na dhambi na deni. Alipoulizwa kwa nini aomba mno kulindwa na deni, alieleza kwamba mtu akiwa na deni, akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi yake. Tazama, ndugu msomaji, jinsi alivyoijua tabia ya mwanadamu. Alihofia yale ambayo deni huutenda moyo, kuliko upungufu wa fedha mkononi.

Njia ya pili ni kulipa kwa hofu bila kuuliza lo lote. Mtu huambiwa deni limekuwa mara mbili, naye hukubali. Akikosa, hukopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili amlipe wa pili. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu huyu adhani anamaliza deni, kumbe amelihamisha tu, tena limenenepa njiani.

Islam haifundishi njia hizi mbili. Yafundisha kwamba hapa zipo haki mbili, nazo zisichanganywe. Ubaya wa mdai haufuti deni lake. Na deni lake halimpi ruhusa ya kumdhulumu mwenye kudaiwa. Mwenye kuzishika haki hizi mbili pamoja ataiona njia ya kutokea.

HAKI YA MDAI

Kwanza tuitazame haki ya mdai. Imepokewa kwamba maiti aliletwa mbele ya Mtume s.a.w. ili amsalie. Akauliza kama alikuwa na deni. Akaambiwa ndiyo, dinari mbili au tatu, kama mapokezi yanavyotofautiana. Akauliza kama ameacha cho chote cha kulipia. Akaambiwa hakuacha. Basi akawaambia Masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada r.a. akasimama akalichukua deni lile juu yake, na Mtume s.a.w. akamsalia. Dinari tatu hazikuwa mali kubwa, wala katika habari hii hatuambiwi mdai alikuwa mtu wa tabia gani. Lililotazamwa ni kwamba haki ya mtu ilikuwa bado haijarudi kwake.

Tena yuko mtu aliyemdai Mtume s.a.w. ngamia, akaja kudai kwa maneno makali. Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume s.a.w. akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Kisha akaamuru anunuliwe ngamia wa umri kama ule. Hakupatikana ila aliye bora kuliko wake. Akaamuru apewe huyo huyo, na akafundisha kwamba aliye bora miongoni mwa watu ni yule alipaye kwa wema. Hapa twaona kwamba mdeni alikuwa Mtume wa Mungu, na mdai alikuwa mtu mkali, hata hivyo ukali wa mdai haukupunguza malipo yake hata kidogo.

HAKI YA MDENI

Pili, mdeni naye anayo haki. Katika aya ya 281 ya Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba mdeni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Na aya iliyo kabla yake yaagiza kwamba mkopeshaji aliyeacha riba arudishiwe rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Lakini itakuwaje mdai akikataa kutoa muda? Hili nalo lilitokea katika zama za Mtume s.a.w. Abdullah, baba yake Jabir r.a., aliuawa katika vita vya Uhud akaacha deni la wasaki thelathini za tende. Wasaki moja ni pishi sitini za kiarabu. Basi hilo halikuwa deni dogo. Jabir alimwomba mdai ampe muda, akakataa. Akamwendea Mtume s.a.w. amwombee. Mtume s.a.w. akaenda kwa mdai yule, akamwomba apokee matunda ya mitende badala ya deni lake, akakataa tena. Ndipo Mtume s.a.w. akaingia katika shamba, akatembea kati ya mitende, akamwambia Jabir avune na alipe. Jabir akavuna, akalipa wasaki zote thelathini, na zikambakia kumi na saba.

Hapana shaka baraka ile ilitoka kwa Mungu kwa ajili ya Mtume wake. Lakini mna mafundisho humo kwa kila mtu. Jabir hakutoroka. Hakulikana deni la baba yake. Aliomba muda kwanza yeye mwenyewe. Alipokataliwa alitafuta mwombezi mwenye heshima. Mwombezi naye alipokataliwa, alilipa kwa kipimo kilichojulikana, wala hakuna aliyedai zaidi.

Na Kaab bin Malik r.a. alimdai mtu ndani ya msikiti hata sauti zao zikapanda. Mtume s.a.w. akatoka chumbani mwake, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali mara moja. Papo hapo Mtume s.a.w. akamwagiza mdeni asimame akalipe nusu iliyobaki. Basi upatanishi wa Kiislamu una pande mbili: mdai hupunguza, na mdeni hulipa bila kuchelewa. Asiyekuwa tayari kusimama na kulipa, asiombe kupunguziwa.

MWENENDO UNAOFAA

Sasa tuyatumie mafundisho haya katika hali ya leo. Tuchukue mfano. Mama mmoja auzaye mboga alikopa shilingi 100,000. Zilikatwa 10,000 za fomu, akapokea 90,000. Alitakiwa alipe 4,500 kila siku kwa siku thelathini, yaani jumla 135,000. Alilipa siku ishirini na sita, zikafika 117,000. Kisha mtoto akaugua, akakosa siku nne. Kwa hesabu ya mkataba zimebaki 18,000. Lakini mkopeshaji adai 60,000, na akiulizwa zimetoka wapi hukasirika. Mama huyu afanye nini?

Kwanza, aandike. Akae na mtu mwaminifu ajuaye hesabu, aandike siku aliyokopa, fedha alizopokea mkononi, na kila alilolipa. Kama alilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe hata mmoja. Hii ndiyo amri ya Qurani ya kuandika. Asiyeandika mwanzo, aandike sasa.

Pili, aombe hesabu kwa maandishi. Amwandikie mkopeshaji kwa adabu: Nakiri deni, naomba nakala ya mkataba, na maelezo ya kila shilingi unayonidai. Kukiri deni ni ukweli, na kuuliza hesabu ni haki. Moja halivunji lingine. Kama faini imo katika mkataba alioutia sahihi, aijue ni kiasi gani. Kama haimo, aseme wazi kwamba haimo.

Tatu, aahidi kile tu anachokiweza. Kama anaweza kutenga 1,500 kwa siku, asiahidi 3,000 ili kumnyamazisha mdai. Elfu na mia tano kwa siku humaliza 18,000 katika siku kumi na mbili. Ahadi kubwa ivunjwayo humharibia mtu imani yake pamoja na jina lake.

Nne, alipe pale penye ushahidi. Fedha taslimu isiyo na stakabadhi ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Na asimpe mtu ye yote kadi yake ya benki wala namba ya siri.

Tano, akikataliwa, atafute mwombezi kama alivyofanya Jabir: mwenyekiti wa mtaa, mzee wa jamaa, au mtu ambaye mkopeshaji humheshimu. Na kama mkopeshaji ana leseni, alalamike kwanza kwake kwa maandishi, kisha, asipopata haki, apeleke malalamiko yake Benki Kuu, ambayo inayo ofisi mjini Dodoma. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji wasiopokea amana chini ya leseni ya Benki Kuu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilitungwa ili habari za mtu zisichezewe ovyo. Kuitumia sheria ya nchi si kukosa subira. Subira ni kutolipa ubaya kwa ubaya, wala si kunyamaza mbele ya dhuluma.

Sita, amalizapo kulipa, asiondoke bila hati yenye kusema kwamba deni limekwisha. Wengi husahau jambo hili kwa furaha ya kumaliza, na baada ya miezi hudaiwa upya.

SWALI LA RIBA

Ndugu mgeni katika Islam atauliza: Mkopo wangu ulikuwa wa riba, nami niliuchukua kabla sijajua kwamba Mungu ameikataza. Je, nimeruhusiwa kutolipa?

Jibu ni kwamba Mwenyezi Mungu ameikataza riba kwa ukali mkubwa, na mfano wa mama yule waonyesha sababu yake: aliyekuwa na shida ndiye aliyelipa zaidi, na kila alipozidi kushindwa ndipo alipozidi kudaiwa. Lakini Mungu huyo huyo, mwanzoni mwa Sura Al-Maida, ameagiza waumini watimize mapatano yao. Basi mtu aliyekwisha kutia sahihi asiifanye dini kuwa hila ya kukwepa. Amwombe mkopeshaji amsamehe ziada, apokee rasilimali yake. Akikataa, na sheria ya nchi ikimpa kile alichoandikiwa, mtu na alipe upesi ajitoe, kisha asirudi tena. Toba ya riba ni kutoka ndani yake na kufunga mlango.

Na kama mkopeshaji ni wa wale wasio na leseni, ambaye ametoweka na simu yake haipatikani? Kukosa leseni ni kosa lake mbele ya serikali. Lakini fedha uliyoipokea uliitumia wewe. Ikiwa kile ulichokipokea hujakirudisha, kiandike katika wasia wako na uwajulishe watu wa nyumbani. Asitokee mtu ye yote akupigie simu na kujidai kuwa ndiye mwenye deni ukamtumia fedha bila ushahidi. Lakini akidhihiri mwenye haki kwa hakika, mrudishie haki yake.

WAJIBU WA WENGINE

Mwisho, neno hili si la mdeni peke yake. Abu Qatada hakukopa zile dinari, lakini alisimama. Katika Sura At-Tauba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahili kupewa Zaka. Basi waumini wa mtaa mmoja wakijua kwamba ndugu yao asumbuliwa kwa shilingi 18,000, na wao wanazo, wasijifanye hawakusikia.

Wenyeji wa nchi hii wanao mfano mwema tangu zamani. Mgogo mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa rafiki au jamaa. Mtunzaji hunywa maziwa, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe pamoja na ndama wake. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa ng'ombe amelala zizini mwangu miaka mingi, sasa ni wangu. Wala mwenye ng'ombe haji usiku kumfedhehesha mtunzaji. Ikiwa watu waliweza kuaminiana hivyo kwa ng'ombe, ambaye ndiye utajiri wao, je, sisi tulioisoma Qurani tutashindwa kuaminiana kwa noti chache?

Na wewe ambaye leo huna deni, pengine ndiwe unayedai. Duka lako linalo daftari la wakopaji, na baadhi yao mwaka huu mvua haikuwanyeshea. Wape muda. Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za mtu aliyekuwa mkopeshaji, naye alikuwa akiwaagiza watumishi wake wamsamehe aliye katika dhiki, kwa tumaini kwamba Mungu naye atamsamehe. Na Mungu alimsamehe.

Basi, ndugu msomaji, kama unalo deni dogo, usilale leo bila kuandika hesabu yake. Lijue, likiri, lipe siku yake ya mwisho, na usimwogope mtu katika kuuliza haki yako, wala usimnyime mtu haki yake kwa sababu ya ulimi wake. Kila siku sisi sote twasimama mbele ya Mungu tukiwa wenye deni la neema zake, nasi twamwomba atuvumilie. Mwenyezi Mungu awafariji wenye dhiki, azilainishe nyoyo za wenye kudai, na atujalie sote kuondoka duniani hali hakuna kiumbe anayetudai. Amin.